Mikono Yangu ya Asubuhi

Ugonjwa wangu ulianza miezi michache baada ya kumzaa binti yangu, wakati vita vya pili vya Wazungu vilipokuwa vimekwisha na vijana waliokwenda huko wakirudi mmoja mmoja na makoti yao mazito. Tulikaa kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo wa mume wangu, juu kabisa mlimani, karibu na pale migomba inapoishia na msitu unapoanza. Mume wangu alikuwa seremala mjini Moshi, katika karakana ya Singasinga mmoja, na alipanda nyumbani Jumamosi jioni. Siku nyingine zote tulikuwa watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu.

Vilianza vidole viwili vya mkono wa kulia. Niliamka nikavikuta vimevimba kwenye mafundo, vina moto, na vimekataa kukunjika. Nilidhani nimevigonga kwa mundu wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Baadaye vikafuata vidole vile vile vya mkono wa kushoto, kana kwamba mkono mmoja umeuambukiza mwenzake, kisha vifundo vya mikono, kisha miguu, hata nikawa nikikanyaga sakafu ya udongo naona kama natembea juu ya kokoto.

Kilichoniumiza kuliko maumivu yenyewe ni kwamba ugonjwa huu ulikuwa na saa zake. Alfajiri nilikuwa gogo. Sikuweza kugeuka kitandani, sikuweza kufunga kanga, sikuweza kushika kikombe. Jua likishapanda juu ya migomba viungo vililegea kidogo kidogo, na ikifika adhuhuri niliweza kushika jembe. Nililima kwa uchungu, lakini nililima. Aliyeniona mchana hakuwa na sababu ya kuniita mgonjwa.

Mama mkwe wangu hakuniona wakati mwingine ila mchana. Aliondoka kabla hakujapambazuka pamoja na wanawake wenzake kuteremka tambarare kukata majani, kwa kuwa huku juu ardhi yote ilikuwa migomba na kahawa na ng'ombe wetu walifungwa ndani. Aliporudi na mzigo wake kichwani alinikuta nimesimama, lakini samadi haijazolewa na ng'ombe hajakamuliwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shingo ngumu kwa kubeba mizigo, na hakupenda maneno mengi.

"Umeamka sasa hivi?" aliniuliza siku moja, akitua mzigo.

"Nimeamka mapema, mama. Mikono ndiyo ilikataa."

"Na sasa imekubali?"

"Imekubali kidogo."

Akaitazama mikono yangu, akalitazama jembe lililokuwa mkononi, akaenda zake kuwapa ng'ombe majani. Hata mimi mwenyewe, saa nane mchana, nikijikuta napalilia maharage chini ya migomba, nilijiuliza kama asubuhi ile nilikuwa nimejilegeza tu.

Tulitafuta dawa. Mganga mmoja alinichanja kwenye kila kifundo na kunipaka dawa nyeusi iliyowasha kama pilipili. Mwingine alisema ni baridi ya mlima imeingia mifupani, nisuguliwe kwa mafuta ya kondoo. Wa tatu aliuliza kama kuna mtu niliyekosana naye kabla ya kuolewa. Mama mkwe wangu alisikiliza yote hayo akiwa amefumbata mikono. Tulipotoka kwa yule wa tatu aliniambia njiani, bila hasira, "Mimi nilizaa watoto sita, na asubuhi yake nilikuwa nachota maji."

Binti yangu alianza kutambaa akiwa na haraka ya kujua kila kitu. Asubuhi moja mama mkwe alikuwa ameshateremka, na moto ameuacha ukiwaka mafigani chini ya chungu cha maji. Mtoto aliamka kabla sijaweza kujigeuza. Alishuka kitandani kwa tumbo kama alivyojifunza, akatambaa kuelekea kwenye mwanga. Nilimwita. Aligeuka akacheka, akaendelea. Nilijiangusha chini kwa ubavu kwa sababu magoti hayakukunjika, nikajikokota. Nilimfikia. Hilo sitalisahau, kwamba nilimfikia. Nilishika gauni lake, na vidole havikufunga. Kitambaa kikapita katikati ya vidole vyangu kama maji, naye akaweka mguu kwenye makaa.

Nilimvuta kwa kumzungushia kiwiko shingoni. Alilia kilio ambacho jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alikisikia akaja mbio. Ndiye aliyemchukua, akamwagia maji, akamfunga mgongoni na kuteremka naye hadi barabarani, mimi nikimfuata kwa kushika miti. Tulipata lori la mkaa. Hospitalini mjini walimsafisha na kumfunga bendeji kutoka kidole cha mguu hadi goti.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye nywele nyekundu, naye alizungumza kupitia dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda. Alipomaliza na mtoto aliniona nimeegemea ukuta. Akanishika mkono, akabonyeza fundo moja baada ya jingine, akanitazama usoni kila nilipokaza meno. Kisha akasema maneno marefu.

"Anasema wewe ndiye mgonjwa zaidi," dresa akanieleza. "Huu ni ugonjwa wa viungo, baridi yabisi kali. Si uvivu wala si uchawi. Hauui upesi, ila hauondoki."

"Dawa yake?"

Dresa hakumtafsiria daktari swali hilo. "Atakupa vidonge vya kutuliza," alisema. "Vimeze na uji."

Mume wangu alikuwa amefika kutoka karakana, unga wa mbao bado upo kwenye nyusi zake. Alisikia maneno yale yote. Nilifurahi kwamba ameyasikia, maana nilifikiri atayapeleka nyumbani.

Aliyapeleka. Wazee wa ukoo walikutana siku mtoto alipotolewa hospitali, na mume wangu akawaeleza alivyosema daktari. Mama mkwe alikaa kando na mjukuu wake mapajani. Alipoulizwa, alisema, "Sijui habari za daktari. Najua kwamba mchana analima, na asubuhi hakuweza kumwokoa mtoto. Huyu mtoto abaki na mimi." Wazee wakaona ni sawa. Mimi niteremke mjini nikakae na mume wangu, karibu na hospitali na mbali na baridi, nikipona nitarudi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akitazama chini. Binti yangu alikuwa amelala, mguu wake mweupe kwa bendeji umening'inia pajani kwa bibi yake, na sikuamshiwa nimuage.

Tulipanga chumba mtaa wa Majengo, katika nyumba ya mjane wa Kiislamu aliyezaliwa na baba wa pwani na mama wa Kipare, naye alipika vitumbua vya kuuza. Mjini kulikuwa na joto, na kwa muda niliamini kwamba ni kweli mlima ndio uliokuwa ukiniumiza. Mwenye nyumba alinifundisha kukaa na mikono ndani ya karai la maji ya moto tangu adhana ya alfajiri hadi vitumbua vyake vya kwanza vitoke. Hakuniuliza habari nyingi. Alinisogezea karai kwa mguu na kusema, "Tia mikono, mwanangu, maji yasipoe," akaendelea na kikaango chake. Mume wangu alinitengenezea kigoda kirefu, kwa kuwa nikikaa kwenye kile cha kawaida sikuweza kuinuka, na akanizungushia mpini wa mwiko matambara hadi ukanenepa nikaweza kuushika. Mambo hayo aliyafanya bila kuambiwa. Lile la mtoto hakulisema kamwe.

Msimu wa kahawa ulipofika nilikwenda kiwandani kutafuta kazi ya kuchambua buni. Sikutaka kukaa bure, na chumba kile mchana kilinionyesha mtoto kila pembe. Tulikaa wanawake wengi kwenye meza ndefu, buni zimemwagwa mbele yetu, na kazi ilikuwa kutoa mbaya: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Vumbi lake lilikaa kooni siku nzima. Wenzangu walidonoa kwa ncha za vidole kama kuku. Mimi sikuweza. Nilijifunza kuzitandaza kwa ukingo wa kiganja na kuzisukuma mbaya pembeni kwa kidole kidogo, ambacho kilikuwa bado kinaniheshimu. Saa za kwanza zilikuwa mbaya kabisa. Mwanamke aliyekaa kulia kwangu, mzaliwa wa Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, aliona siku ya kwanza tu. Alivuta sehemu ya lundo langu upande wake kila asubuhi, na mchana, mikono yangu ikifunguka, nilivuta sehemu ya lake.

Vidonge vya hospitali nilivimeza zaidi ya nilivyoambiwa, maana pasipo hivyo nisingefika kiwandani. Masikio yalivuma mchana kutwa kama nimesimama karibu na mzinga wa nyuki, na tumbo liliwaka. Siku moja nilitapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, nyuma ya ghala, nikakifukia kwa mguu nikarudi mezani.

Binti yangu nilimwona wakati wa sikukuu, mume wangu alipomteremsha au niliposhindwa kuvumilia nikapanda kwa lori. Mguu ulipona ukabaki na ngozi iliyokunjamana. Alitembea vizuri, alikimbia hata. Mara ya kwanza alijificha nyuma ya bibi yake. Mara nyingine, akiwa anajua kusema, alinikaribia akanigusa mkono.

"Mbona vidole vyako vimelala?"

"Vimechoka."

"Viamshe."

Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua uso, lakini kisu kilisimama.

Ni kweli vilikuwa vimelala. Msimu baada ya msimu vilikuwa vimeinamia upande mmoja, upande wa nje, kama migomba iliyopigwa na upepo. Nilivificha ndani ya kanga njiani, na kazini nilivificha katikati ya buni. Mwisho nyapara alisimama nyuma yangu akakaa hapo kitambo.

"Mama, hebu nione mikono."

Nikamwonyesha. Hakuwa mtu mbaya. Aliitazama kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenziwe anaoga.

"Nenda kapumzike," akasema. "Msimu ujao tutaona."

Mwanamke wa Mabogini alitaka kusema kitu. Nilimwashiria kwa kichwa anyamaze, maana angefukuzwa pia. Msimu uliofuata sikwenda kuuliza.

Baada ya hapo magoti yaliharibika. Kulikuwa na siku nilizofika chooni kwa kushika ukuta na siku ambazo sikufika. Mwenye nyumba alinifulia nguo zangu pamoja na zake na kuzianika katikati ya kamba, mahali ambapo wapita njia hawakuweza kuziona. Nilimwambia mume wangu anirudishe kwa wazazi wangu. Alisema, "Nani atakushikia kikombe huko?" Akatoka kwenda kazini, na jioni alirudi amelewa, jambo ambalo hakuwa nalo.

Ndipo masika moja surua ikaenea mlimani. Tulisikia kwamba watoto wanaugua, kisha tukasikia kwamba wetu naye anaugua, na mume wangu akasema atapanda Jumamosi kumwona. Ijumaa alikuja kijana wa ukoo karakana kumwambia kwamba asingoje Jumamosi.

Nilitaka kwenda naye wakati uleule. Tulipanda lori, nalo likakwama kwenye matope kabla ya soko, mvua ikinyesha, na kutoka pale ilikuwa kupanda kwa miguu. Nilijaribu. Nilikwenda kidogo nikakaa katikati ya njia, na watu waliokuwa wakiteremka walinipita pembeni. Mume wangu alitangulia mbio na kunitumia wanaume. Walikuja na kitanda cha kamba, wakanilaza, wakanibeba mabegani kama maiti, mvua ikinipiga usoni, na mimi sikuweza hata kuinua mkono kujifunika. Wanawake walitoka kwenye vihamba kuangalia nani amekufa. Mmoja aliuliza, na mbebaji akajibu, "Huyu mzima. Aliyekufa ni mtoto wake." Hivyo ndivyo nilivyojua.

Walikuwa wamemzika tayari. Wasingeweza kungoja, walisema, kwa sababu ya ugonjwa ule na watoto wengine waliokuwa nyumbani mwa jirani. Kaburi lilikuwa katikati ya migomba, dogo, limefunikwa majani mabichi ili mvua isilibomoe. Walikiweka kitanda changu karibu nalo. Nilitaka kushika udongo, na mume wangu akauchota akauweka katika kiganja changu, kwa kuwa mwenyewe sikuweza kukifunga. Mvua ikauosha.

Walinilaza nyumbani kwa mama mkwe, chumba kimoja naye. Asubuhi aliamka kama kawaida yake. Alichukua ndoo ya samadi akafika karibu na kitanda changu, akasimama.

"Umeamka?"

"Niko macho tangu jogoo wa kwanza, mama."

"Basi inuka unywe kitu."

"Siwezi bado."

Nadhani alitaka kusema neno lake la zamani, lile la watoto sita. Badala yake aliweka ndoo chini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono na kujaribu kunyoosha kidole kimoja. Nililia kwa sauti. Akauachia kama umemchoma. Siku ile hakuteremka kukata majani. Alikaa pale, wakati mwingine akichochea moto, wakati mwingine akinitazama, ng'ombe wakilia kwa njaa nyuma ya ubao, hadi mwanga ulipopenya kwenye mlango na vidole vyangu vikaanza kutikisika kimoja kimoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona asubuhi yangu mwanzo hadi mwisho.

"Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani?" akauliza.

"Ndivyo, mama."

Alichochea moto tena.

"Mtoto alipokuwa akiugua alikuulizia," alisema. "Siku mbili hizi. Nikamwambia, 'Mama yako barabara imemzuia.'"

Kwetu mtu akitaka kusamehewa huleta jani la sale mkononi. Yeye hakuleta, nami sikulingoja. Aliinuka akapika mtori, akanilisha kijiko kwa kijiko, akinifuta kidevu kwa upande wa kanga yake. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa. Sikumchukia, na sikumpenda. Nilikuwa nimechoka mno kwa yote mawili.

Mwaka uliofuata wazee walimwambia mume wangu kwamba kihamba hakiwezi kukaa bila mwanamke mwenye nguvu, mama yake amezeeka, na mimi sitazaa tena. Hakukuwa na uongo katika hayo. Alikuja chumbani Majengo akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Wamenitafutia mtu," alisema.

"Nimesikia."

"Wewe hutaondoka hapa. Mimi nitakuwa hapa siku zote za kazi."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitapanda."

Nilimwambia anifungie kanga vizuri kabla hajaondoka, maana ilikuwa asubuhi. Akaifunga. Neno lake alilitimiza, na sina la kumlaumu kuhusu hilo, ingawa Jumamosi zilikuwa ndefu.

Mwenye nyumba ndiye aliyenitafutia kazi. Wanawake wa kiwandani walikuwa wakiwaacha watoto wao ovyo, wengine wamefungwa kamba mguuni kwenye kitanda ili wasitoke. Alitangaza mtaani, bila kuniuliza, kwamba ndani ya ua wake kuna mtu wa kuwatazama. Nilimkasirikia.

"Mimi?" nikamwambia. "Wewe unajua habari ya mtoto wangu."

"Ninaijua."

"Halafu unaniletea watoto wa watu?"

"Nimewaambia wamlete anayetembea, na moto wangu mimi nitauzima kabla hawajaja," alijibu. "Macho unayo, sauti unayo. Au utakaa hapo kwenye kigoda hadi kiyama?"

Wakaja. Nilikataa wachanga wote. Mama mmoja alinipigia magoti na mtoto wake mgongoni, akisema msimu uko mwanzoni na hana ndugu mjini, nikamkataa naye akaondoka akinitukana. Waliotembea niliwakubali. Nilikaa kwenye kigoda changu mlangoni mwa ua, mguu nimeuegesha kuziba njia, nikawaita kwa majina mchana kutwa hadi sauti ikakauka. Aliyeanguka ilibidi ainuke mwenyewe. Aliyepigana nilimtishia kwa fimbo ambayo nisingeweza kuiinua, nao hawakujua. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi. Hapakuwa na siku niliyowaangalia nikasahau kuangalia jikoni, hata jiko likiwa baridi.

Mke mwenzangu alijifungua mtoto wa kiume, na alipopata nguvu akateremka naye ili nimwone. Alikuwa binti mwenye adabu, akaniamkia shikamoo akaniita dada. Mwenye nyumba alimwandalia wali, naye alikuwa na njaa ya safari na mikono miwili tu.

"Nimweke wapi, dada?"

Ilikuwa mchana. Nikamwambia aniwekee mapajani. Nilimzunguka kwa mikono yote miwili, kuanzia viwiko, viganja nikiwa nimevigeuza juu kwa kuwa havikuwa na kazi. Alikuwa mzito, ananuka maziwa, na alinitazama bila woga. Mama yake alikula haraka haraka, jicho moja kwetu. Nilimwona, na sikuchukia, maana hata mimi ningetazama hivyo. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Nilipohisi mikono inaanza kutetemeka nilimwambia inatosha, aje amchukue, naye akaacha sahani akaja.